Ngao ya Jungu la Papa

Walokuwapo siku ile ni hawa, na ntawataja wote ili asije mtu akasema alikuwapo na kumbe hakuwapo. Alikuwapo bibi yangu, Bi Thuwaiba, mama yake baba. Alikuwapo baba yangu, Rashid bin Khamis. Alikuwapo shangazi yangu Zuwena, mdogo wake baba, ambaye ndiye alokuwa akiposwa. Upande wa wageni alikuwapo Mzee Hamdun na mjukuu wake Seif, ndiye mposaji mwenyewe, na huyo tangu kuingia hakutoa sauti utadhani kaletwa kuuzwa. Alikuwapo paka wetu, Bi Mchele. Na mie nlikuwapo, mtoto wa chuo cha Kurani, meno ya mbele hayajaota. Wa mwisho alikuwa keshakufa zamani, lakini siku ile ilikuwa yake yeye: Nasor bin Khalfan, babu yake baba, mkulima wa karafuu na askari wa Sultani. Bila ya yeye, sisi wote tungekunywa kahawa na kila mtu angekwenda zake.

Kilonikumbusha ni papa. Juzi mume wa mjukuu wangu alikwenda Qurayyat kwa wavuvi na akarudi na papa mkavu, kipande kikubwa, kimefungwa gazeti. Nnakaa na mjukuu wangu huyo, Raya, hapa Al Khuwair, Oman, katika nyumba za ghorofa, na Raya anafanya kazi wizarani. Mie nlipoachiwa papa yule nikamfungua jikoni, kidogo tu, nimnuse. Kiyoyozi kikamchukua kikampeleka vyumba vyote. Raya akaingia kutoka kazini, akasimama mlangoni na mkoba begani.

"Bibi! Shu hadha? Nini hii?"

"Chakula."

"Hii si chakula, hii ni jinai. Jirani atatushtaki wallahi! Layth, fungua madirisha!"

Layth mwanawe, wa miaka sita, akaja mbio kaziba pua. "Bibi, kimekufa nini?"

Mie nlikuwa nimeshika gazeti lile puani na machozi yananitoka, nnacheka. Wao wamenusa papa. Mie nlikuwa nimenusa vita. Na ukutani pale ukumbini, ndani ya kioo, na kitaa chake juu kama cha sonara, imetundikwa ngao ya babu Nasor, na chini yake Raya kaandika kwa Kiarabu kizuri kuwa hii ni ngao ya shujaa wa familia. Nikaitazama, ikanitazama. Sote wawili tunajua.

Sasa niwaambieni habari za huyu Nasor. Alitoka hapa Oman, ndani huko milimani, kijana, akaenda Unguja kama walivyokwenda wengi, kachukua gunia la tende na gunia la papa, maana aliambiwa huko kuna kila kitu na yeye hakuamini. Akapata shamba upande wa Bububu. Tusifichane, mikarafuu ile haikupandwa na mkono wake peke yake. Wamo watumwa, waloipanda bila ya kuulizwa, na hao majina yao sikuyapata kwa mtu yeyote, mie ninaejisifu kwa majina. Lakini mikarafuu mingine aliipanda mwenyewe, mmoja kwa kila mtoto alozaliwa, na akauita kwa jina la mtoto. Kulikuwa na mkarafuu Khamis, huyo ndiye babu yangu. Mkarafuu Zeyana, mkarafuu Moza, na mkarafuu Sleyum, ambao ulipinda ukaangukia shamba la jirani, na Sleyum mwenyewe akaja kuoa huko huko kwa jirani.

Uaskari ulimwingia mwilini. Aliitwa na Sultani akaenda vita vya bara, akarudi, na tangu hapo akawa hawezi kuona vitu viwili bila ya kuvipanga mstari. Bibi alinihadithia hivi: "Mie nimeletwa bibi harusi, asubuhi yake nnachungulia dirishani, nnamuona baba mkwe kaweka fimbo begani anapita baina ya mikarafuu. Akifika kwenye ule ulopinda anasimama, anaukaripia."

"Anauambia nini, Bibi?"

"'Sleyum! Simama wima!'"

"Na mti ukasimama?"

"Ungesimama ungekuwa wa kwanza kumtii katika nyumba hii."

Basi huyo ndiye askari wetu, na tulijivuna naye vibaya sana. Mtu akitusema, sisi twasema: Nyamaza, sisi babu yetu kapigana bara. Lakini ngao yake haikuwapo ukumbini. Ilikuwa jikoni, juu ya jungu la papa. Ngao ile ni ya ngozi ya kifaru, mviringo kama sinia dogo, katikati imetuna, na ilienea mdomo wa jungu kama iliyokatwa kwa ajili yake. Aliiweka mwenyewe siku alorudi vitani, akasema, "Isiondoke hapo," na hakusema kwa nini. Akafa. Mwanawe akafa. Ngao haikuondoka. Bibi alimwogopa baba mkwe wake hata kaburini, lakini pia aliona haya, kwa hivyo wakija wageni mlango wa jikoni hufungwa.

Mie mtoto nliyaunganisha mambo kwa akili yangu. Niliambiwa hii ni ngao ya vita. Nikainusa. Nikajua, basi, vita vinanuka hivi. Hakuna alonifunza, na hakuna aloniuliza ili anisahihishe. Kila penye harufu ile nlijua vita vimepita hapo. Kulikuwa na mtu akiuza papa, Mzee Mbwana, akipita na baiskeli na tenga nyuma. Mie nikimsikia kengele natoka mbio, nasimama wima kando ya njia kama mkarafuu Zeyana, mkono kwenye paji la uso.

"Mmeshinda?" namuuliza.

"Leo bado, mwanangu. Watu hawana kitu."

"Inshallah kesho mtashinda."

"Amin," anasema Mzee Mbwana, na hushuka kwenye baiskeli kunishika kichwa, maana hakuna mtoto mwengine alokuwa akimheshimu namna ile. Na Ijumaa ikipikwa papa wa nazi, nlikuwa nikikinyanyua kipande kwa vidole na kumuuliza baba kwa adabu, "Huyu alikuwa nani?"

"Huyu alikuwa papa. Kula."

Nikala, lakini kwa mawazo.

Shangazi Zuwena alikuwa mzuri, hilo hata maadui zetu walilisema, na alikuwa akimtaka Seif, na Seif akimtaka yeye. Walionana kwenye harusi ya watu na mambo yakawa yamekwisha. Kilobaki ni Mzee Hamdun, babu yake Seif alomlea, ambaye bila ya neno lake Seif hanunui hata kofia. Shangazi alikuwa keshaanza kukosa usingizi. Akisuka ukili wa mkeka anaufumua. Bibi akamwambia, "We mtoto, utamaliza mikindu."

Siku ile wakaja, baada ya sala ya alasiri. Wanaume ukumbini kwenye mikeka, Bibi na Shangazi nyuma ya pazia la mlango, na mie nikipita huku na huku kwa kuwa mtoto hana upande. Wakaulizana habari za mvua, za afya, za waliokufa. Halwa ikaletwa. Baba akasimama na dele la kahawa mkononi, akammiminia Mzee Hamdun. Mzee Hamdun akakipokea kikombe, akakitazama, akakiweka chini kwenye mkeka, kimejaa.

Nyie wa rika langu mnajua maana yake. Mgeni akiweka kikombe hakunywa, anasema nna haja, na haja yangu haijajibiwa. Nyumba haipumui mpaka anywe. Na mwenye kumimina hakai. Baba akabaki amesimama na dele la moto, akilihamisha mkono huu mkono huu.

"Rashid," akasema Mzee Hamdun, "mjukuu wangu anataka kuoa kwenu. Mie na binti sina neno. Neno nnalo na babu yenu."

"Babu yetu kafa, Sheikh."

"Ndo maana nakuuliza wewe. Mjini wanasema Nasor bin Khalfan alikwenda vitani kupanda kunde."

Pazia likasema, "Nani kasema? Amtaje kwa jina!"

"Pazia linasema nini?"

"Linasema karibu halwa," akajibu baba.

"Mie mtoto wa askari," akasema Mzee Hamdun. "Baba yangu, Hamed bin Saleh, kapigana bara. Nnaijua hadithi yake yote, nimeisimulia mwenyewe misikiti yote ya mji huu. Siwezi kuchanganya damu ya alosimama na damu ya alokimbia. Nasikia ngao yake mnayo. Nionyesheni. Ngao haisemi uongo. Ya askari ina majeraha. Nikiyaona ntakunywa kahawa hii. Nisipoyaona, Seif, utanipa bakora yangu twende zetu."

Nyuma ya pazia kukawa hakuna watu, kuna vumbi. Wamekimbilia jikoni. Bibi kaing'oa ngao kwenye jungu, Shangazi anaisugua kwa limau na majivu huku analia, na yale machozi nayo yakasaidia kusugua. Harufu iko pale pale. Bibi akaweka makaa kwenye chetezo, akatia udi, ule wa Idi, akaifukiza mbele na nyuma. Akainusa.

"Sasa inanuka papa aloolewa," akasema.

Shangazi Zuwena akanishika mabega. Macho yake mekundu. "Shinuna, nitazame. Utampa, utarudi. Usiseme kitu. Ukisema neno moja tu, mie ntakufa katika nyumba hii sijaolewa, na utanizika wewe."

Nikaichukua ngao juu ya kichwa, kwa mikono miwili, nikaenda nayo kama maharusi wanavyopelekewa sinia. Bi Mchele akanifuata, mkia juu. Nlidhani ananisindikiza kwa heshima.

Mzee Hamdun akaiweka magotini. Akaitazama uso wake, akaizungusha, akapitisha kidole. Hakuna kitu. Hakuna pigo la upanga, hakuna tundu la risasi, hakuna hata mkwaruzo. Ngozi safi kama ya mtoto.

"Mhm," akasema.

Akaigeuza. Na huko ndani, upande wa mwenye kuishika, ndo kumejaa michoro ya kisu. Mingi, myembamba, inakatana, hapa na hapa na hapa.

"Rashid. Mie mzee, macho yangu mabovu, nieleweshe. Majeraha yako ndani. Huyu adui alikuwa wapi? Alimkalia mapajani?"

Dele lilikuwa linagonga pete yake, ti ti ti. Seif anatazama vidole vya miguu yake. Na nyuma ya pazia nikasikia Shangazi amevuta pumzi na haitoi. Mzee Hamdun akanyoosha mkono pembeni, kwa Seif, bila ya kumtazama. Anataka bakora.

Mie nlikuwa nimekatazwa kusema, na nlikuwa nimekusudia kutii. Lakini nliona mzee wa watu anakosea. Anaitazama! Kaishika mbali na uso wake, anatafuta vita kwa macho, na vita, kila mtu anajua, havionekani.

"Babu," nikasema, "inuse. Usiitazame. Inuse, utavisikia vita."

Pazia likasema, "Ya Rabbi, tumekwisha."

Na Bi Mchele hapo hapo akapanda magotini kwa mzee, akatia kichwa ndani ya ngao akaanza kuiramba.

Sijui kama mzee alinusa kwa kunitii au kwa kumtoa paka. Kichwa kiliinama, akavuta pumzi, akasita. Akavuta tena, ndefu, macho kayafumba. Mkono wake wa bakora ukarudi wenyewe. Nikasikia makaa ya chetezo yanapasuka jikoni.

"Papa," akasema. "Papa wa kwetu Oman."

"Sheikh, sisi..." akaanza baba.

"Subiri, Rashid." Kidole chake gumba kilikuwa kinapita juu ya ile michoro, mmoja baada ya mmoja. "Baba yangu hakupenda kusimulia vita. Mie ndo nlokuwa nasimulia kwa niaba yake. Yeye nikimuuliza, akisema kitu kimoja: 'Kulikuwa na mkulima, akanilisha.' Basi. Mpaka alipokuwa karibu ya kufa ndo akanieleza: walipiga kambi huko bara wakingoja amri ya kushambulia, na amri haiji, mvua inanyesha, chakula kimekwisha, nusu yao wako chini wagonjwa. Baba alikuwa keshatoa shahada, anangoja kufa. Na mmoja wao, mtu wa mashamba, kumbe ana papa kwenye furushi lake, kamficha hata mkubwa wa jeshi hajui. Kila asubuhi anaipindua ngao yake magotini, anachomoa jambia, anamkatakata papa vidogo vidogo. Anamchemsha na kunde alizozipanda nyuma ya mahema, wenzake wanasugua bunduki. Halafu anawalisha wagonjwa kwa mkono, mmoja mmoja. Amri ilikawia mpaka kunde zikazaa."

"Na vita?" akauliza baba.

"Vita gani! Adui kaondoka zamani kwa shughuli zake. Hakujua hata kama anashambuliwa."

"Na baba yako, Sheikh Hamdun?" likauliza pazia, kwa sauti tamu sana. "Yeye alipigana wapi?"

Mzee akalitazama pazia, akamtazama Seif, akashusha sauti. "Alikuwa kichakani, Bi Thuwaiba."

"Akimvizia adui?"

"Hapana. Kichakani tu. Tumbo."

Mtu alicheka nyuma ya pazia, na hakuwa Bibi. Ilikuwa ile pumzi ya Shangazi, imetoka. Seif akanyanyua kichwa kwa mara ya kwanza kama mtu aliyesikia jina lake.

"Nlikuwa nikimuuliza, baba, jina lake nani mtu huyo?" akaendelea Mzee Hamdun, na sasa sauti ilikuwa nyengine. "Akasema hakulijua. Wote walikuwa wakimwita Mkulima, kwa kumcheka. Kafa anamuombea dua Mkulima, hana jina la kutia." Akaifuta ngao kwa kanzu yake, ile ngao iloloa mate ya paka. "Kumbe Mkulima ana kwao. Ana wajukuu."

Akakichukua kikombe kwenye mkeka. Kahawa ilikuwa baridi kama maji ya kisima. Akainywa yote, akanyoosha kikombe. Baba akammiminia. Akanywa, akanyoosha. Mwenye kutosheka hukitikisa kikombe, ndo adabu, yeye hatikisi. Akanywa, akanyoosha, na baba anamimina kwa furaha, mpaka Seif akatoa neno lake la kwanza nyumbani kwetu.

"Babu, tikisa kikombe."

"We nyamaza. Mposaji hasemi."

Wakaoana. Bibi aliirudisha ngao juu ya jungu siku ile ile ya posa, jua halijazama, lakini kuanzia hapo mlango wa jikoni ukawa wazi kwa kila mgeni, na kila mgeni alisimuliwa, atake asitake. Mie nlipigwa kofi dogo kwa kusema na nikapewa halwa kubwa kwa kusema, na mpaka leo sijui Bibi alikuwa na rai gani.

Tulipoondoka Unguja kuja huku Oman hatukuondoka na vitu. Mikarafuu yote imebaki, Khamis na Zeyana na Moza, na Sleyum kalala kwa jirani. Ngao aliichukua Shangazi Zuwena, kaifunga kwenye kanga kifuani kama mtoto, na watu wakampisha njia wakidhani ananyonyesha. Wakakaa Bustan yeye na Seif wake, na huko ikafunika unga, ikafunika mchele, ikafunika mikate ya Ramadhani. Seif alitangulia. Shangazi tumemzika mwaka huu, Mungu awaweke pema, na ngao ikaja kwangu, na Raya akaitia ndani ya kioo.

Leo Raya kaenda kazini. Mie nimemwita Layth, nikamhadithia yote haya, tukaleta kiti, yeye kapanda maana magoti yangu hayapandi kitu, tukakifungua kile kioo, tukaitoa ngao. Papa nimemkatakata, nimemtia kwenye sufuria la bati, ngao juu. Imeenea. Layth kaweka pua yake pale kwenye ngozi, kakunja uso, halafu akanusa tena.

"Ndo vita hivi, Bibi?"

"Ndo hivi. Na papa ni wa chakula cha mchana. Kamwite mama yako kwenye simu, mwambie asile huko kazini."

Sasa nyie mlokuwapo zama zile, na watoto wa walokuwapo, kama nimekosea majina niambieni. Kama baba yake Mzee Hamdun hakuwa Hamed bin Saleh, nipigieni simu. Kama mti ulopinda ulikuwa Moza na si Sleyum, nambieni, ntaomba radhi kwa wajukuu wa Sleyum. Hata jina la paka ntakubali. Lakini harufu msinisahihishe. Hiyo nnayo hapa jikoni.